Gramu 400 Kwenye Jogoo Road

Treni ya abiria ya asubuhi kutoka Syokimau haimwachii mtu nafasi ya kuinua kiwiko, seuze kamera. Nilishuka Makadara kwa kusukumwa zaidi kuliko kwa kukusudia, nikasimama kando ya reli nikifunga vifungo vya koti la kuazima. Ilikuwa Julai. Mtu wa Mombasa husimuliwa baridi ya Julai ya Nairobi tangu utotoni, akaitikia kwa adabu, na asiamini mpaka imwingie masikioni.

Eastlands sikuwa nimewahi kufika. Nairobi yangu ilikuwa ya semina: ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, teksi, basi la usiku kurudi nyumbani. Huku mashariki mwa jiji nilikujua kwa habari za redioni na kwa majina tu, na majina yenyewe ndiyo yaliyonichanganya nilipoanza kutembea. Makadara tunayo Mombasa. Majengo tunayo. Kaloleni iko Kilifi, na ukitoka Mombasa kwenda huko unapita Rabai. Hapa nilimsikia makanga akiita abiria wa Rabai Road. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa Nairobi aliyeuawa mwishoni mwa 1952, Hali ya Hatari ikiwa ndiyo kwanza imetangazwa, na Mbotela ni jina ambalo kwetu mtu akilisikia hufikiria Frere Town. Mwaka uliofuata akauawa diwani Ambrose Ofafa; ndiye mwenye Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Nusu ya ramani niliyokuwa nayo mkononi ilisomeka pwani, nusu ilisomeka makaburi ya wanasiasa.

Nilikuwa nimekuja kuandika juu ya nyumba. Hizi nyumba za zamani za halmashauri, za mawe na za vyumba vidogo, zilizojengwa kuanzia miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, zimo katika mipango ya kubomolewa ili maghorofa yapande. Pangani ilishavunjwa na maghorofa yake yanaonekana. Mhariri alitaka maneno na picha kutoka kwa mtu mmoja, kwa malipo ya mtu mmoja. Hapo ndipo shemeji yangu aliponitolea kamera yake kabatini. Ilikuwa Canon PowerShot G12, aliyorudi nayo kutoka Dubai zamani, wakati bado watu walirudi na kamera. “Itembeze kwanza,” aliniambia. “Ukirudi tutazungumza bei.” Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili: kuitazama Eastlands, na kuipima kamera ya mtu.

Wasioijua wanivumilie kidogo. G12 ilitoka mwaka 2010, ikiwa mtoto wa ukoo ulioanza na G1 mwaka 2000. Ni kamera ndogo iliyokusudiwa watu wanaojua kamera kubwa. Lenzi yake haibadilishwi, lakini inavuta kutoka upana wa milimita 28 hadi 140 kwa hesabu ya kamera za filamu. Ina kitundu cha kuchungulia, skrini inayofunguka ubavuni na kugeuka kila upande, gurudumu la ISO juu kulia, na gurudumu la mwanga juu kushoto. Inahifadhi faili la RAW, yaani picha kabla kamera haijaipika. Uzito wake na betri ni gramu 400 hivi. Waliiita ya mfukoni, ila mfuko wenyewe uwe wa koti, na koti liwe la babu.

Njiani kuja Nairobi nilikuwa nimeijaribu kwenye dirisha la SGR. Madirisha ya treni ile hayafunguki, na mwenye kamera kubwa kwenye kiti cha mbele yangu alipiga kioo, akapiga uso wake mwenyewe, akakata tamaa. Lenzi ndogo ya G12 niliibandika kabisa kwenye kioo na mng’aro ukatoweka. Tembo wekundu wa Tsavo walitokea; milimita 140 zikawafanya wadudu. Basi. Kwa wanyama isiguswe.

Ami yangu anakaa Jericho. Alikuja Nairobi kijana kuandika vitabu vya hesabu vya halmashauri ya jiji, akapewa nyumba, akaoa, na tangu hapo pwani huiona kwa misiba na harusi tu. Nilimpigia salamu mlangoni, akaniitikia, akanishika mkono bila kuuachia, macho yake yakiwa kwenye kamba ya kamera kifuani mwangu.

“Hii ndiyo kamera, mwanangu? Mimi nilidhani utakuja na lile bomba.”

Nikamwambia bomba lina bei yake.

“Si hasara,” akasema. “Ukija mtaani na bomba, watu watasema wewe ni wa televisheni, watakuuliza habari yao inatoka saa ngapi. Ukitoa simu, watasema unawatia TikTok. Na hii…” Akaigeuza, akaligusa gurudumu la ISO, likatoa sauti yake ndogo ya kukwama na kukwamuka. “Hii watadhani unapiga picha.”

Nimesoma tathmini nyingi za kamera maishani na sijaona iliyoeleza jambo hilo kwa ufupi huo. Tulipomaliza chai tulitoka, yeye mbele na bakora, mimi nyuma, na nikaona alivyokuwa na haki. Katika mitaa hii watu wamechoka kupigwa picha za kupita. Tangu maandamano ya Juni 2024 kamera barabarani ni jambo la kuulizwa mara mbili, na anayeuliza huenda akawa kijana aliyeogopa kutambuliwa au askari asiyependa kutambuliwa. Lakini chombo chenye magurudumu ya kuzungusha, kinachomlazimu mwenye nacho asimame, ainame, apime, akune kichwa, kinawapa watu muda wa kuamua kama wanataka kuwemo. Simu ikishainuliwa mambo yamekwisha. Hapa mzee mmoja fundi viatu alinitazama nikizungusha, akaweka sindano chini, akafunga kifungo cha shati, akasema, “Haya, sasa.”

Skrini ile inayogeuka ndiyo iliyoniweka upande wa kamera hii. Niliifungua nikaielekeza juu, kamera nikaishika usawa wa kitovu, uso wangu ukabaki wazi. Unazungumza na mtu huku ukimpiga, naye anakutazama wewe, hatazami lenzi. Ukiwapiga watu waliokaa (na Jericho asubuhi wengi wenye habari wamekaa, juu ya magogo, vibarazani, kwenye viti vya plastiki nje ya kinyozi) huwatazami kutoka juu. Shata yake iko ndani ya lenzi, haina kioo cha kupiga kelele; inalia tik, na hiyo tik unaweza kuizima. Ndani ya nyumba ya jirani, walimokuwa wakisoma dua ya arobaini, nilipewa ruhusa ya picha chache nikazipiga bila mtu kugeuka.

Kitundu cha kuchungulia, kinyume chake, ni udanganyifu wa wazi. Kinaonyesha takriban asilimia 77 tu ya kitakachoingia kwenye picha. Unadhani umemkata mbuzi, kumbe mbuzi amo, tena na kamba yake. Ukiifungua lenzi upana wote, ncha ya lenzi yenyewe inajitokeza kwenye kona ya chini. Hakuna maandishi ndani. Nilikitumia kwa sababu moja: jua lilipochomoza saa saba mawingu yalipopasuka, skrini haikuonekana kitu. Siku hiyo nilishukuru kuwa na macho mabovu mawili kuliko kuwa na zuri moja lililofungwa.

Ndani ya nyumba ya Ami kamera ilishindwa kwa sababu ya milimita nne. Chumba cha mbele kina makochi yenye vitambaa vilivyofumwa, kabati la vyombo, picha ya Kaaba, televisheni, na Ami mwenyewe. Nilitaka vyote. Nilirudi nyuma hadi kisogo kikagonga mlango, na milimita 28 hazikutosha. Kabati liliingia nusu. Panasonic walikuwa wameshalitatua hili mwaka 2008 kwa LX3, iliyoanzia 24 na tundu la f/2.0, kamera ya watu wanaoishi vyumbani. Canon wao walichagua kuvuta mbali. Kwa Nairobi ya maghorofa mapana uamuzi wao ungefaa. Kwa nyumba za halmashauri, ambapo maisha yote ya mtu yako hatua tatu kutoka puani pako, LX3 ingenifaa zaidi, na hilo nililiandika kwenye daftari la bei.

Watoto walitufuata. Wanafuata kila kamera duniani, lakini mama mmoja alitoka nyumba ya pili akifuta mikono kwa leso na kuniuliza kwa upole usiokuwa na mzaha picha hizo zinakwenda wapi. Alikuwa na haki yake ya kisheria. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya uso wa mtu ni data inayomhusu, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza faini ya shilingi 1,850,000 klabu moja ya Nairobi iliyoweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Habari hizo zilifika mitaani haraka kuliko sheria yenyewe ilivyofika. Nikamweleza ni jarida, nikamwonyesha nilichopiga, nikafuta zile za watoto wake mbele ya macho yake. Akafikiri kidogo.

“Basi nipige mimi,” akasema. “Lakini ngoja nivae viatu.”

Akarudi na viatu vipya vya ngozi, vyekundu, visigino vifupi. Akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Ami akamwambia asimame vizuri. Yeye akamwambia Ami anyamaze. Nikaigeuza kamera kwa mlalo ili mlango, dirisha na ukuta wa mawe viingie vyote, naye katikati, kuanzia kilemba mpaka viatu.

Siku iliyofuata nilipanda matatu hadi Muthurwa nikatembea mpaka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Kelele yake unaisikia kabla ya kuiona: nyundo mamia juu ya bati. Hapa ndipo yanapotoka masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni, majiko, makarai, vikaango vya chipsi, matoroli. Vibanda vimefunikwa mabati na ndani mna giza. Mbele viko wazi kwa anga jeupe la Julai. Fundi ameketi mpakani, nusu gizani, nusu mwangani, uso mweusi wenye jasho, nyuma yake rundo la karai mpya zinazometa. Mpiga picha akitaka kuiaibisha kamera ndogo, ailete hapa.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko dijiti. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Hudhani dunia yote kwa wastani ni kijivu. Kikiona bati linalometa na anga, hupunguza mwanga, na fundi anazama. Katika enzi ya filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na ngozi zetu zikatoka zilivyotoka. Ndiyo maana gurudumu lile la juu kushoto, ambalo kwenye kamera nyingine limezikwa ndani ya menyu, mimi ndilo ningelilipia. Kidole gumba kinasukuma alama mbili upande wa kujumlisha, na uso wa fundi unapanda kutoka kwenye weusi mtupu hadi weusi wenye sura, wenye kovu, wenye kicheko. Anga nyuma linaungua na kuwa jeupe tupu. Liungue. Sikuja kupiga anga.

Flashi yake ndogo pia ilinisaidia. Kwa kuwa shata iko ndani ya lenzi, flashi inakubaliana nayo hata inapokwenda kasi, jambo ambalo kamera kubwa nyingi zinalikataa. Mchana, kofia ikitupa kivuli machoni, mwanga kidogo wa flashi unaingia chini ya ukingo wa kofia bila kuharibu mchana wenyewe. Na RAW ilinirudishia baadhi ya karai nilizodhani zimeungua. Si zote. Sensa ya G12 ina upana wa milimita 7.6 kwa kimo cha 5.7. Eneo hilo linaingia zaidi ya mara saba katika sensa ya kamera za kawaida za wapiga picha wa harusi. Kitu kidogo hivyo hakiwezi kushika giza na anga kwa pamoja, hata ukikibembeleza.

Ila Canon wanastahili sifa moja ambayo wenye viwanda hawaitoi mara nyingi: walirudi nyuma. G10 ya 2008 ilikuwa na megapikseli 14.7, na picha zake zikawa na chengachenga mara jua lilipoondoka. Mwaka uliofuata, G11 ikaja na 10, na G12 ikabaki hapo hapo. Kila mwenye nyumba Eastlands anaijua hesabu hii, maana amemwona jirani akikata chumba kimoja kuwa vitatu kwa mbao: wapangaji wanaongezeka, hewa haiongezeki. Kampuni iliyobomoa kuta mbili na kurudisha chumba ilifanya hivyo wakati namba kubwa ndiyo iliyouza kamera dukani.

Fundi niliyempiga alitaka picha yake. Aliitaka sasa hivi, kwenye WhatsApp, simu ilikuwa tayari mkononi. Kamera haina Wi-Fi. Nikamweleza kuhusu kadi, na kompyuta, na jioni. Alinisikiliza kwa heshima ile wanayopewa wageni, kisha akamwita mwanagenzi wake, akampa simu, mwanagenzi akatupiga sisi wawili mbele ya karai, mimi nikiwa nimeshika kamera yangu, na kabla sijaizima kamera nikaisikia simu yangu ikilia mfukoni. Alikuwa amenitumia. Katika hukumu yote niliyoiandika juu ya G12, hakuna kosa kubwa kuliko hilo, na halimo kwenye tathmini za mwaka 2010 kwa sababu mwaka 2010 halikuwa kosa. Kumpiga mtu Kamukunji leo na kuondoka na picha yake ndani ya kasha lako ni kumkopa.

Jioni moja mpira ulikuwa Camp Toyoyo, pale pale Jericho, uwanja ambao umelea wachezaji wengi wa ligi. Hapa sina maneno mengi. Kamera inapiga takriban picha mbili kwa sekunde, na kabla ya ile ya kwanza inafikiri. Nina picha nzuri sana za mahali ambapo mpira ulikuwapo.

Usiku ulikuwa wa Buruburu. Mjukuu wa Ami, anayesomea umeme chuoni, alinichukua Mumias South Road kuona nganya, matatu zilizopambwa, zikirudi kupakia. Mtu wa pwani amezoea matatu yenye mstari wa manjano na jina la Mtume kwenye kioo. Hizi ni kitu kingine. Mwaka 2004 serikali ilizipaka zote adabu kwa kanuni za waziri John Michuki, mstari wa manjano, viti kwa idadi, hakuna michoro. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachiwe sanaa yao, na Eastlands ikazichukua brashi pale ilipoziweka. Ile iliyosimama mbele yetu ilikuwa na nyuso za wanamuziki ubavuni, taa za buluu chini ya tumbo, taa za zambarau ndani, skrini mgongoni, na besi iliyotikisa maji kwenye dimbwi.

Kamera ikaanza kuomba msamaha. Kwa upana wote tundu la lenzi ni f/2.8, ukivuta mpaka mwisho linabana hadi f/4.5, na mwanga unaoingia haufiki nusu ya ule wa mwanzo. Nikazungusha ISO 800, vivuli vikaota vipele. Nikazungusha 1600, michoro ikawa rangi ya maji. Nikarudi 400, nikaegemea nguzo ya stima, nikabana pumzi, na katika picha hiyo gari limesimama wima huku watu wote wakiwa moshi. Nikajaribu video: sensa ya aina ya CCD ikikutana na taa kali hutupa mstari mwangavu kutoka juu mpaka chini ya picha, na nganya ile, yenye taa za kutosha harusi nne, ikavikwa mistari mpaka ikafungwa. Na wakati video inaendelea lenzi haivuti. Ukiianza mbali, unaimaliza mbali.

Kijana akatoa simu yake. Simu ya kawaida, kioo kimepasuka kona. Akaishika sekunde mbili hivi, ikanong’ona, akanionyesha: rangi zote, nyuso zote, hata jina la fundi aliyechora. Sensa ya simu ile huenda ni ndogo kuliko yangu, lakini simu siku hizi haipigi picha moja usiku. Inapiga nyingi haraka haraka, inazipanga, inazichanganya, inachagua safi. G12 ina ubongo wa mwaka wake. Wenye kutaka kamera ndogo ya usiku walihama mapema: Sony walitoa RX100 mwaka 2012, ndogo zaidi, inayoingia mfukoni kweli, na sensa yenye eneo zaidi ya mara mbili na nusu ya hii, lenzi ya f/1.8. Haikuwa na kitundu cha kuchungulia wala skrini ya kugeuka, lakini usiku ilikuwa inaona.

Kilichonichekesha ni kwamba wakati tukiziangalia picha zangu mbovu, vijana wawili wa kiume na msichana mmoja walisogea.

“Niaje buda. Hiyo digicam unauza ngapi?”

Nikawaambia si yangu. Msichana akaitazama ile picha ya ISO 1600, ile yenye rangi za maji, akasema hiyo ndiyo noma. Ndiyo wanayoitafuta. Mjukuu wa Ami akanieleza njiani kwamba wenzake chuoni wanatafuta kamera hizi za zamani kwenye mitumba, na wanapenda hasa kile ambacho mimi nilikuwa nimekiandika upande wa hasara: mwanga unaoungua, flashi ya uso kwa uso, chengachenga. Picha za simu, alisema, zote zimekuwa nzuri namna moja. Sikulifuta nililoandika, ila niliongeza mstari pembeni: bei itapanda, nunua kabla shemeji hajasikia.

Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943 na baadaye kuionyesha dunia kuuawa kwa Tom Mboya na njaa ya Ethiopia, alianza utotoni Dar es Salaam na Box Brownie iliyokwishatumika, sanduku lisilokuwa na karibu chochote cha kuzungusha. Namtaja kwa sababu Ami alinitajia, tena kwa ukali, niliporudi usiku ule nikilalamika. Alisema aliwaona wapiga picha wa zamani wakifanya kazi mjini kwa filamu isiyojua usiku. Walikuwa wakija mchana.

Nikampigia shemeji simu, nikamsomea hasara zote kwa sauti ya huzuni: haina Wi-Fi, usiku haioni, mpira haikimbizi, chumbani haienei. Sikumsomea gurudumu la mwanga wala skrini. Akashusha bei robo. Nikamwambia nitafikiri, na nilikuwa nimeshafikiri.

Kabla ya kuondoka nilipeleka kadi kwenye duka la kuchapisha picha mjini, kuelekea River Road, pamoja na foleni ya wapiga picha wa bustanini waliosubiri picha za wateja wao. Megapikseli 10 ni nukta 3,648 kwa 2,736. Zinatosha kuchapisha picha safi ya inchi 12 kwa 9, na mimi nilitaka za inchi 6 kwa 4 tu, za mkononi. Kijana wa mashine akasimamisha kidole. Kamera hizi hupiga umbo la nne kwa tatu, karatasi ni tatu kwa mbili. Lazima kitu kikatwe juu au chini. Akaniwekea kwenye skrini picha ya mama wa Jericho.

“Nikate kilemba ama viatu?”

Nikamwambia asikate kitu, aiache na ukingo mweupe pande mbili. Akasema itaonekana ya kizamani. Nikamwambia mwenyewe ni mama wa makamo, hatajali.

Alijali. Aliishika picha mlangoni pale pale, akaigeuza, akauliza huo weupe ni wa nini. Nikamwambia ni bei ya viatu. Akacheka, akaniita mjanja wa pwani, akataka nimtolee nyingine tatu za kupeleka Siaya. Nikasema hii ni zawadi. Akasema sawa, zawadi ni moja na ameipokea. Hizo tatu ni biashara, nimtajie bei ya kueleweka, na hizo zisiwe na weupe, atavua viatu kama ni lazima.